Giza la uchawi halijali mwenge wako

Wadau wa gemu ya kuigiza ya Dungeons & Dragons toleo la 5, mkirushiwa lile giza la uchawi la levo ya 2 (Darkness) msihangaike kuwasha mienge, mwanga wa kawaida haufui dafu mle na hata wenye macho ya gizani hawaoni kitu. Mwanga wa uchawi wa levo ya 2 kushuka chini nao ndo unafutwa kabisa, tafuteni uchawi wa mwanga wa mchana (Daylight) wa levo ya 3, huo unalimaliza. Ila watu wengi wanasahau hii, kama wewe na adui unayemshambulia hamuonani basi faida na hasara (zile za kurusha dadu mbili) zinafutana, unarusha dadu moja tu kama kawaida (DM, yaani waongoza mchezo, wengine hawataki kuisikia kabisa!). Na kama chanzo cha giza ni jiwe dogo, lifunikeni na bakuli, giza linakata.