Kutengeneza darasa la mbao Goma: anza na paa, rangi iwe ya mwisho

Komite ya wazazi ikiniita niangalie darasa, mara nyingi neno la kwanza ni rangi. Mimi ni fundi wa mbao na simenti hapa Goma, na kila direkta namjibu vilevile: fedha ikiwa kidogo, rangi ingoje. Naijua shule moja iliyopakwa buluu na nyeupe, wafadhili wakapiga picha, wakaenda. Mvua za Oktoba zilipoanza, kuta zikajaa michirizi ya kutu kwa sababu paa halikuguswa. Watoto wakaendelea kuhamisha madawati kutafuta mahali pakavu. Yaliniuma sana, maana fedha ile ingetosha kuezeka upya upande mzima.

Kwa hiyo anza na paa. Chagua siku ya jua, ingia darasani saa sita mchana, funga mlango na madirisha, kaa mpaka macho yazoee giza. Kila tundu litajionyesha lenyewe kwa mwanga wake. Aliye ndani ashike ufito mrefu na kugonga penye tundu, mwenzake aliye juu atie alama ya chaki. Mkimaliza mtajua lipi la kuziba na lipi la kung'oa. Tundu la msumari linazibika: ng'oa msumari, kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, pigilia msumari mpya mpira ukiwa chini ya kichwa chake. Lakini bati ambalo ukilibonyeza kwa kidole gumba linalegea na kumwaga unga mwekundu, usilibembeleze. Mji wetu una adui ambaye miji mingine haina: moshi wa volkano ya Nyiragongo ukichanganyika na mvua unakuwa asidi, nayo inakula mabati haraka.

Ukienda kununua mabati, uliza namba ya unene, ile inayoandikwa BG. BG 28 ni nene kuliko BG 32. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Afadhali ununue machache mazito uezeke upande ulioharibika zaidi, kuliko kufunika paa zima kwa mabati ya kupeperushwa. Msumari unapigwa juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni maji yanakopita. Ubavuni, bati lilalie jirani yake wimbi moja na nusu. La juu lilalie la chini sentimita 20.

Paa likiwa bado wazi, fikiria mwanga. Shule nyingi hazina umeme, na ukuta wa mbao una dirisha dogo. Mabati mawili ya plastiki yanayopitisha mwanga yanabadilisha darasa kabisa. Yaweke katikati na nyuma, si juu ya ubao, la sivyo ubao utameta na watoto hawataona kitu. Kisha panga madawati ili dirisha kubwa liwe kushoto kwa wanafunzi: wengi huandika kwa mkono wa kulia, na kivuli cha mkono hakitaangukia daftari. Hilo halina gharama, lifanyeni hata leo.

Sasa sakafu, ambayo kwangu ni afya. Vumbi la lava ni jeusi, kali, linaingia kifuani. Kumwagia maji kila asubuhi ni kulituliza kwa saa moja tu. Hapa kwetu mwamba uko karibu, hasa katika mitaa iliyopitiwa na lava ya 2002, kwa hiyo huhitaji kuchimba. Nasema hivyo kwa sababu nyingine pia: usishushe kamwe sakafu chini ya usawa wa uwanja. Upande wa Himbi, Kyeshero na Mugunga kuna mazuku, ile hewa nzito inayotulia mabondeni na kuua bila harufu. Mahali ambapo majani hukauka bila sababu au ndege hukutwa wamekufa, msijenge wala msikarabati kabla ya kuwaita watu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, wapime.

Safisha mwamba, jaza mashimo kwa mawe ya volkano, shindilia, halafu kokoto ndogo. Zege iwe ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za kokoto. Chumba cha mita 7 kwa 6, unene wa sentimita 5, kinakula karibu mifuko 14 ya kilo 50. Mchanga upimeni kwanza: weka kidogo katika chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha mpaka kesho. Tope likitanda nene juu ya mchanga, uoshwe au urudishwe kwa aliyeuuza. Zege likishikamana, lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa siku 7, na hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika, kwa sababu kila mtu ana haraka ya kurudisha madawati. Wapeni wazazi wanaoishi karibu zamu ya kumwagia maji asubuhi na jioni.

Ubao: piga lipu laini ya simenti moja kwa mchanga tatu, iache ikauke kabisa, halafu rangi nyeusi isiyometa, mara mbili. Kwa watoto wa mwaka wa kwanza ukingo wa chini uwe sentimita 80 kutoka sakafuni, wafikie wenyewe. Mkimaliza, direkta akae dawati la mwisho, pembeni, asome alichoandika mwalimu.

Kuta ni kazi nyepesi. Pigilia vipande vyembamba juu ya nyufa, badilisha mbao zilizooza chini, inua zile mpya juu ya tabaka la mawe zisiguse ardhi. Ukuta unaotenganisha madarasa mawili upandishwe hadi paani, walimu waache kushindana kwa sauti. Fedha ikibaki, weka dari ya tripleksi, zile mbao nyembamba za kubandikwa. Mvua ikipiga mabati matupu, somo linasimama.

Kazi yote ipangwe Julai na Agosti, kiangazi, kabla ya masomo kuanza Septemba. Salongo ya wazazi, yaani kazi ya pamoja, ibebe mawe, ipasue kokoto, isombe maji. Chukudu ya mzazi mmoja, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inaokoa fedha nyingi ya usafiri. Paa, zege na lipu mwachieni fundi na mumlipe, kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya komite. Mabati mawili na kilo moja ya misumari vibaki katika ofisi ya direkta, vimefungiwa, kwa ajili ya mvua ya kwanza itakayovuja. Hapo ndipo mnunue rangi: nyeupe juu ili mwanga urudi, na mita moja ya chini rangi nzito isiyoonyesha alama za mikono.