Ukibaguliwa au kunyanyaswa kazini, anza kuandika leo hii

Jamani wenzangu wa mahotelini Arusha, kampuni za utalii na mashamba ya maua huko Usa River, naandika hii kwa sababu watu wanaumia kimya kimya alafu wanaondoka mikono mitupu.

Bosi akikusema umechelewa na kweli umechelewa, hapo hujaonewa. Ila ukiambiwa "nyie Wamasai kazi yenu getini tu" nafasi ya mapokezi ukanyimwa, au umekosa cheo kwa sababu ya dini, ulemavu, umri, VVU au hali ya ndoa, huo ni ubaguzi, upo kwenye kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na kunyanyaswa kwa sababu hizo kunahesabika ubaguzi pia.

Mimi nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja, mimba ilipoanza kuonekana supavaiza akanihamishia kufulia, eti wageni hawapendi kuona tumbo. Nikawa nabeba mashuka yamelowa, tipu zote kwaheri. Siku nimeenda kulalamika nikaulizwa lini, wapi, nani alisikia, nikabaki natoa macho maana sikuwa nimeandika popote. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nunua daftari dogo. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotoka mdomoni (hata kama ni tusi), na nani alikuwepo. Mfano: "Jumanne saa mbili asubuhi, jikoni, kaniambia hivi na hivi, mpishi alikuwa anamenya vitunguu." Daftari likae nyumbani, lisikae kwenye kabati la kazini. Meseji za WhatsApp piga skrinishoti, tuma kwa simu ya dada yako au mtu unayemwamini.

Alafu peleka malalamiko kwa HR, yaani afisa utumishi, kwa barua, ya mdomo yanapotea, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama HR mwenyewe ndo shemeji wa bosi, ona kiongozi wa chama cha wafanyakazi, mahotelini kuna CHODAWU na mashambani TPAWU.

Wakikupiga chenga nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, jaza fomu namba 1, mwajiri apate nakala. Hapa ndo wengi wanakwama: kama umefukuzwa una siku 30 tu, migogoro mingine siku 60, na zinahesabiwa tangu jambo lilipotokea, sasa ukikaa unasubiri bosi atulie siku zinakatika. Ukishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mwajiri ndo anatakiwa athibitishe hakukubagua, ndo maana nasisitiza daftari.

Akikutaka kimapenzi ndo akupe ajira au akupandishe cheo, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa la jinai, piga TAKUKURU 113, ni bure. Akikushika au kukutishia nenda Dawati la Jinsia polisi, usisubiri HR.

Na ukiitwa ofisini ghafla ukawekewa barua ya kuacha kazi "kwa hiari yako" usisaini, hata wakikuambia ndo njia ya kupata mshahara wa mwezi huu. Waambie unaenda kuisoma nyumbani, ukitoka tu andika saa ngapi wamekuita na nani alikuwa amekaa pale.