Kolesteroli ya Ukoo: Anza na Daftari

Baba alianguka akitoka sala ya alfajiri, ana miaka 44. Ami akafuata akiwa na 47. Hapa Wete watu walinong'ona husuda. Mimi nikachukua daftari, nikaandika nani kafa kwa moyo na kwa umri gani. Anza hapo. Mwanamme chini ya 55, mwanamke chini ya 60, tia alama.

Kisha omba kipimo cha mafuta ya damu. Usiridhike na jumla, tafuta mstari wa LDL, ile kolesteroli mbaya inayoziba mishipa. Kwa mtu mzima, milimoli 4.9 kwa lita au zaidi, muulize daktari habari ya urithi. Yangu ilikuwa 7.2, na mimi mwembamba kama ufito! Ikithibitika ni ya urithi, ndugu na watoto wote wapimwe. Kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi.

Dawa ni statini, kidonge cha kushusha kolesteroli, kila siku. Mimi nilianza kwa kuacha samli tu. Ikashuka kidogo mno. Mwenye mimba, au anayetaka kubeba, amwambie daktari kwanza. Rudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 12, na namba ikishuka usiache: imeshuka kwa sababu unameza.

Mdogo wangu kapimwa juzi, 6.1. Kanuna, lakini kameza.