Kupe Aliyeshiba, Siku ya Nne na Masikio ya Ndama

Mfugaji anamng'oa kupe jike aliyeshiba kwenye sikio la ng'ombe, anamtupa chini na kuendelea na kazi. Kumbe amemfikisha pale pale alipokuwa anakwenda. Kupe yule mnene wa rangi ya kijivu hana shida tena na ng'ombe. Anachotafuta sasa ni ufa kwenye udongo au kivuli cha shina la nyasi, atage.

Tunayajua haya kwa undani kwa sababu kuna watu wanaofuga kupe. Kupe wa masikio wa kahawia, Rhipicephalus appendiculatus, amelelewa maabara kwa miaka mingi huko Muguga, Kenya, na Lilongwe, Malawi, kwa ajili ya kutengeneza chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe huyu. Jike aliyeshiba huwekwa peke yake kwenye kichupa kilichozibwa kwa pamba, mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 28 na unyevu wa hewa wa karibu asilimia 85. Wiki ya kwanza unaweza kudhani amekufa. Kisha mayai yanaanza kutoka moja moja, madogo, ya kahawia, yanang'aa kwa sababu mama hulipaka kila moja nta lisikauke. Lundo likikua, yeye ananywea, mpaka abaki ganda lililokunjamana. Jike mmoja hutaga mayai 3,000 hadi 5,000. Piga hesabu ya majike kumi uliowatupa zizini.

Baada ya mwezi mmoja hivi mayai huanguliwa na kutoa lava, yaani kupe wachanga wenye miguu 6. Maabara huwalisha kwenye masikio ya sungura yaliyovikwa mifuko ya kitambaa. Lava hunyonya siku 3 hadi 5 hivi, huanguka, hujivua gamba na kuwa nimfu, yaani kupe wa hatua ya pili, mwenye miguu 8. Nimfu naye hupanda mnyama mwingine, hunyonya kwa wiki moja hivi, huanguka na kugeuka kupe mkubwa, ambaye hupanda mnyama wa tatu. Kupandana hufanyika juu ya mnyama, na jike asiyepata dume hashibi kikamilifu.

Ukijumlisha siku zote za kunyonya hazizidi sana wiki tatu. Muda wote uliobaki kupe yuko malishoni, na kupe mkubwa mwenye njaa anaweza kuishi zaidi ya mwaka kama unyevu unatosha. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kupumzisha malisho miezi miwili kunamaliza kupe.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Vijidudu vya ndigana kali havipiti kwenye yai, kwa hiyo lava huanguliwa akiwa safi. Akinyonya ng'ombe mwenye vijidudu, ataviambukiza akishakuwa nimfu. Nimfu akivipata, ataviambukiza akiwa mkubwa. Na hata hapo haviko tayari siku anapouma. Huiva kwenye tezi zake za mate baada ya kunyonya siku 3 hadi 4 hivi. Watengenezaji wa chanjo hulitumia jambo hili: kupe wenye vijidudu hulishwa kwanza kwenye sungura siku 4, ndipo husagwa.

Kwako wewe maana yake ni hii. Kuogesha kila wiki kunamuua jike kabla hajashiba na kuanguka, lakini nguvu ya dawa ikipungua mapema, kupe aliyepanda siku mbili baada ya josho anaweza kuambukiza kabla ya josho lijalo. Kwa hiyo katikati ya wiki shika masikio ya kila ndama, yafungue, tazama ndani kabisa kwenye manyoya. Hapo dawa ya bomba la kunyunyizia mara nyingi haifiki, basi paka dawa kwa kitambaa ukiwa umevaa glovu. Tazama na chini ya mkia. Dawa ipimwe kama lebo inavyoagiza. Ukiizimua ili itoshe ng'ombe wengi, unawabakiza kupe wanaoistahimili, na hao ndio watakaotaga.

Ndama wakichanjwa dhidi ya ndigana kali, sindano huenda pamoja na oksitetrasaiklini ya kudumu, antibiotiki inayokaa mwilini kwa muda mrefu. Usiache kuogesha baada ya hapo, maana chanjo hiyo haizuii magonjwa mengine ya kupe kama ndigana baridi na mkojo mwekundu.

Kupe unaowatoa kwa mkono usiwapasue kwa vidole. Watie kwenye kopo lenye mafuta ya taa. Ila mmoja aliyeshiba mweke kwenye chupa ya kioo, ziba kwa pamba iliyoshindiliwa, weka kivulini, uwaite watoto na wachungaji watazame kila asubuhi. Wakishaona lile lundo la mayai, chemsha chupa yote kabla wiki ya tatu haijaisha. Usisubiri yaanguliwe, lava ni wadogo mno na hupenya popote.