Gari likichemsha: ya kuzingatia kabla injini haijafunguliwa

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya huupanda mlima Kitonga akishapita Mikumi na Ruaha Mbuyuni, na hapo ndipo rejeta dhaifu huumbuka. Kwenye tambarare upepo wa mwendo ulikuwa unaisaidia feni. Mlimani mwendo unashuka, injini inakaza, na upepo haupo tena. Ukaguzi basi ufanyike siku kadhaa kabla ya safari.

Anza na vya bei ndogo. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, itazame injini ikiwa imepoa, ndani ya rejeta yenyewe, maana kikopo cha akiba huweza kujaa huku rejeta imepungukiwa. Mfuniko wa rejeta nao watu huudharau. Kazi yake ni kushikilia presha, mara nyingi karibu bar 1, na presha hiyo ndiyo inayofanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Mpira wake ukichoka, gari huchemsha mapema ingawa kila kitu kingine ni kizima. Kisha washa AC gari likiwa limesimama: kwenye magari mengi feni inapaswa kuzunguka. Isipozunguka, kagua fyuzi na relei kabla ya kununua feni.

Themostati, vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, ni ugomvi wa siku zote. Mafundi wengi huitoa wakisema inazuia maji. Mimi sikubali. Bila themostati injini huchelewa kupata joto lake na hula mafuta zaidi, na kwenye baadhi ya injini maji hupita njia ya mkato, na yanayofika kwenye rejeta hayatoshi. Ikiwa imekufa, weka nyingine.

Wenye Vitz na Toyota ndogo za aina hiyo mara nyingi hawana mshale wa joto. Wana taa ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu joto likizidi. Nyekundu ikiwaka usiseme utafika mji wa mbele. Zima AC, fungulia hita hadi mwisho, tafuta pa kuegesha, zima injini, weka pembetatu. Mfuniko usiuguse mpaka hozi ya juu iweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza.

Sasa fundi. Ataliangalia gari dakika tano na kusema, "Gasketi ya hedi imeungua." Gasketi hiyo huziba kati ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na bloku iliyo chini yake. Huenda fundi yuko sahihi, lakini muulize, "Umeipimaje, fundi?" Moshi mweupe wa asubuhi hautoshi, huenda ni mvuke tu. Utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili pia unaweza kuwa unyevu wa safari fupi fupi. Utando huo ukionekana kwenye stiki ya oili ndipo habari inakuwa nzito. Vipimo vyenyewe vipo na si ghali ukilinganisha na kufungua injini. Kuna pampu ya mkono inayojaza presha kwenye rejeta: presha ikishuka na hakuna panapovuja nje, kuna jambo ndani. Kuna dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiunguruma, nayo hugeuka njano ikikutana na gesi ya moshi. Na kuna kupima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya kila silinda. Gereji isiyo na hata kimoja kati ya hivyo inabahatisha kwa pesa yako. Omba gari lako, kwa adabu, na uende kwa mwingine.

Vipimo vikithibitisha, patana kabla hedi haijatolewa: bei ya kazi kando, bei ya spea kando, na spea za zamani urudishiwe. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma kama imepinda. Injini nyingi za Toyota hazivumilii zaidi ya milimita 0.05, kipimo ambacho jicho halikioni. Muulize pia ni nini kiliunguza hiyo gasketi. Kama ni feni au rejeta iliyoziba na haikuguswa, utarudi gereji ileile kwa kazi ileile.

Ukikabidhiwa gari, liendeshe kwenye foleni na kwenye mwinuko. Liache lilale lipoe, na asubuhi tazama kulanti kabla ya kumalizia malipo.