Namna ya Kuipima Filamu ya Kutisha Iliyotengenezwa kwa Fedha Kidogo

Anayeandika uhakiki wa filamu ya kutisha ya bajeti ndogo huwa katika hatari ya kuidharau tangu dakika ya kwanza kwa sababu damu yake inafanana na rangi ya mlango, au ya kuisamehe kila kitu kwa kuwa walioitengeneza hawakuwa na fedha. Swali linalomsaidia ni moja: pale fedha zilipokwisha, mwongozaji aliamua nini?

Kabla ya kulijibu, hakikisha kwamba unatazama filamu yenyewe na si nakala mbovu. Night of the Living Dead ya George Romero, iliyopigwa Pennsylvania na kutolewa mwaka 1968 kwa gharama ya takriban dola 114,000, ilipoteza hakimiliki yake kwa sababu msambazaji alibadili jina lake na tangazo la haki likasahauliwa katika nakala mpya. Kila aliyetaka akairudufu na kuiuza, na kadiri nakala zilivyozaa nakala, usiku wake ukageuka tope la kijivu. Aliyeitazama katika hali hiyo na baadaye akaiona nakala iliyokarabatiwa mwaka 2016 anajua kwamba ukungu ule haukuwa wa Romero. Kwetu sisi kuna tatizo jingine, nalo ni nakala za kutafsiriwa, ambamo mtafsiri husema juu ya sauti ya asili. Katika filamu ya mapigano jambo hilo huongeza utamu, lakini katika filamu ya kutisha huua ule ukimya ambao mwongozaji aliujenga kwa makusudi. Usihakiki filamu ya aina hii kwa nakala hiyo.

Ukishapata nakala safi, ipe masikio kabla ya macho. Geuza kiti, uipe skrini mgongo, na usikilize dakika kumi. Mtazamaji huvumilia picha yenye chembechembe, lakini hawezi kuvumilia mazungumzo yaliyonaswa na maiki ya kamera iliyo upande wa pili wa chumba, wala mvumo wa hewa unaobadilika kila picha inapokatwa, mara feni inasikika, mara haisikiki. Hapo ndipo filamu nyingi za bei rahisi huanguka, na kwa maoni yangu kosa hili halisameheki, kwa kuwa sauti nzuri hudai uangalifu kuliko inavyodai fedha.

Kwa upande wa ubora, kipimo changu ni Cat People ya mwaka 1942, ambayo mtayarishaji Val Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur waliitengeneza katika studio ya RKO kwa gharama isiyofika dola 150,000. Mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta wa bustani, akitoka kwenye mwanga wa taa moja, akiingia gizani, kisha akifikia mwanga wa taa nyingine. Nyuma yake zinasikika hatua za viatu vya mwanamke mwingine. Ghafla hatua zile zinakoma. Anageuka na haoni mtu, anaharakisha, kisha unasikika mngurumo kama wa mnyama, kumbe ni basi linaloingia upande wa fremu na kusimama mbele yake. Mnyama hajaonekana hata kidogo. Tazama kipande hicho mara mbili, mara ya pili ukiwa umezima sauti, nawe utaona kwamba kinachobaki ni mtu anayewahi basi.

Baada ya sauti, chunguza jinsi upungufu wa vifaa ulivyotumika. Waliopiga The Evil Dead, filamu ya Sam Raimi ya mwaka 1981, walifunga kamera kwenye ubao, watu wakaushika huku na huku na kukimbia nao msituni. Mtikisiko ule ukawa jicho la kiumbe kinachokuja. Katika The Blair Witch Project ya 1999, waigizaji walibeba kamera wenyewe porini kwa siku nane huku wakipunguziwa chakula kadiri siku zilivyosonga, kwa hiyo uchovu wa nyuso zao ni wa kweli. Walioiga baadaye walichukua mtikisiko wakaiacha njaa. Ukikutana na filamu ya namna hiyo, jiulize kila mara: kwa nini mtu huyu bado anarekodi badala ya kukimbia? Jibu likikosekana mara tatu, andika hivyo.

Kisha weka saa mezani. Kila jambo jipya linapotokea, andika dakika yake. Kasoro kubwa ya filamu hizi ni kisa cha nusu saa kuvutwa hadi dakika themanini kwa safari za gari, korido na milango. Vishindo vya ghafla visivyo na chanzo vihesabu tu. Uigizaji dhaifu usiupe zaidi ya sentensi mbili, kwa kuwa msomaji wako anautarajia.

Unapoandika, weka uzuri na kasoro ndani ya tukio lilelile, badala ya kuzitenga katika mafungu mawili. Nyumba ya Night of the Living Dead, ambamo watu wamejifungia wakiwakimbia wafu waliofufuka, ilikuwa ikingoja kubomolewa, kwa hiyo waigizaji waliweza kupigilia mbao kwenye kuta zake bila hofu, na kwa kuwa picha haina rangi, shira ya chokoleti ilitosha kuwa damu. Ugomvi wa kushuka au kutoshuka kwenye chumba kilicho chini ya nyumba, ambao wengine huuona mrefu, naona ndio moyo wa filamu, kwa sababu walio ndani wanamalizana kabla ya walio nje kuingia. Hata hivyo, katika nyumba hiyohiyo Barbra, mwanamke aliyekimbilia humo, amekaa kwenye kochi, bubu, kwa sehemu kubwa ya usiku. Romero mwenyewe, alipoandika skripti ya toleo la 1990, alimpa mwanamke huyo nguvu na bunduki.

Kiasi cha bajeti kitafute mwisho, rasimu ikiwa imekamilika, na ukiona kinakushawishi kufuta lawama uliyokwisha kuiandika, iache ilivyo na uongeze idadi ya dola pembeni yake.