Ala ya mshipa wa shingo: tulivyoitengeneza na kuijaribu mezani Mombasa

Mwezi wa pili kijana mmoja wa mwaka wa mwisho, anayesomea uhandisi wa vifaa tiba, alinijia karakanani na mchoro. Ni ala fupi, yaani mrija ambao daktari huuacha ndani ya mshipa ili vifaa vingine vipitie humo, kama ala ya jambia. Mchoro ulikuwa safi, ila hakuwa na shingo ya kujaribia. Haya nimeyaandikia atakayemfuata. Ni kazi ya mezani tu, na kifaa kitakachotoka hapa hakimgusi mgonjwa.

Kwa nini shingoni? Karotidi ni mshipa wa shingoni unaopeleka damu ubongoni, na ukiwa mwembamba kwa ugonjwa huwekwa stenti, yaani kijibomba cha wavu cha kuupanua. Stenti iliyozoeleka hupandishwa kutoka pajani, na waya hupita kwenye upinde wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Uchafu ukibanduka huko, unaweza kupanda ubongoni ukaleta kiharusi. Njia iitwayo TCAR hukwepa safari hiyo: daktari hupasua kidogo juu ya mtulinga, huingia kwenye mshipa hapohapo, na wakati wa kazi damu hugeuzwa irudi nyuma, ipite kwenye chujio, iingie kwenye vena ya pajani. Marekani waliidhinisha stenti ya njia hii mwaka 2015. Kwa hiyo hatari nyingi sasa zimo katika ule mdomo wa kuingilia.

Hatua ya 1: Namba kwanza. Mshipa unaokubalika ni wa angalau milimita 6, na kutoka mtulinga hadi unapogawanyika kunatakiwa sentimita 5 au zaidi. Unene wa mirija hii hupimwa kwa French, na French 1 ni theluthi ya milimita. Ala ya French 8 ina tundu la milimita 2.7, lakini kwa nje hufika kama 3.3. Wanafunzi wengi hujikwaa hapa: kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa) namba hiyo ni kipimo cha nje, kwa ala ni cha ndani.

Hatua ya 2: Chora. Mimi natumia FreeCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, ni ya bure na haidai intaneti. Weka kizuizi kwenye sentimita 2.5, ala isiweze kuzama ikafikia penye ugonjwa.

Hatua ya 3: Shingo. Usitumie jelatini. Video zote zinaisifu, na zote zimerekodiwa kwenye nchi za baridi. Shingo yetu ya kwanza ilikuwa imara saa mbili asubuhi. Kufika adhuhuri ilikuwa supu, mrija unaelea. Tumia agari, ileile ya faluda, lakini nzito zaidi: gramu 25 kwa lita moja ya maji. Ichemshe hasa, kwa sababu huyeyuka karibu na nyuzi 85, ila ikishaganda joto la Mombasa haliiwezi. Zamisha ndani yake mrija wa silikoni wenye tundu la milimita 6.

Hatua ya 4: Presha. Pampu ya nini? Tundika ndoo ya maji mita 1.36 juu ya mrija, umepata milimita 100 za zebaki. Tia rangi nyekundu ya chakula. Sindano ikitoboa ukuta wa nyuma wa mshipa, jambo tunalolihofia kuliko yote, utaona wekundu unatambaa chini ya mrija.

Hatua ya 5: Ncha. Hapa tulipoteza Jumapili nzima. Sindano inaingia, waya unapita, lakini ala ikifika ukutani inagoma. Ukiisukuma, mrija wote unajikunja. Tukalaumu agari, tukamwaga nyingine. Tukalaumu silikoni. Tukabadilisha sindano mara tatu. Jioni kijana akaifuta ala kwa pamba apate kuifungasha, na nikaona nyuzi mbili za pamba zimenasa pale kipanuzi, yaani kijiti kinachotangulia ndani ya ala kupanua tundu, kinapotokeza kwenye ala. Kulikuwa na ngazi. Tulikuwa tumekata mrija kwa wembe, ukingo umesimama kama robo milimita. Jicho halikuuona, kidole hakikuuhisi. Kwenye mshipa wa kweli, ngazi ile huweza kuparua utando wa ndani, damu ikaingia kati ya tabaka na kuuchana.

Dawa yake ni kuichonga ncha kwa joto. Vika ala kwenye kijiti cha chuma chenye kipenyo cha kipanuzi chako, si cha karibu yake. Ipulizie hewa ya moto, kisha ivutie kwenye tundu la koni ili ukingo ulale. Ila kuna mambo. Tefloni haifai kwa kazi hii: hailainiki na kutiririka, na ukiikaanga mno inatoa moshi wenye sumu. Chukua polietilini. Usichomoe kijiti kabla haijapoa, maana ncha itapanuka kama mdomo wa nzumari. Halafu pitisha pamba tena kila baada ya kuiingiza ala kwenye shingo, si mara ya kwanza tu. Ya kwetu ya pili ilikuwa laini kabisa, na baada ya kuingizwa mara nne ikaanza kunasa nyuzi. Ukiona hivyo, ukuta wa ncha umekuwa mwembamba mno, na umerudi kwenye mchoro.

Hatua ya 6: Mbuzi. Silikoni haichaniki kama nyama. Nenda buchani asubuhi mapema. Mchinjaji hukata juu, kooni, kwa hiyo mwombe kipande cha kati ya mkato na kifua. Mshipa huko huwa mzima. Mweleze ni wa masomo, la sivyo atakukatia vipande vya mchuzi. Pima upana kwa vernia, uujaribu siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Karatasi. Viwango vya kimataifa vya kufuata ni ISO 11070 kwa ala na waya, 14971 kwa hatari, 10993 kwa usalama wa malighafi mwilini. Hapa Kenya mlango ni Bodi ya Dawa na Sumu. Daftari lako lianze tangu ndoo ya kwanza: tarehe, kipimo, ala ya ngapi, imeingizwa mara ngapi, na joto la chumba.